Kufuli Mbili Mlangoni

Binamu yangu alifariki Jumanne usiku hospitalini, na Jumatano saa nne asubuhi tulikuwa tumesimama mbele ya chumba chake katika mtaa wa Oruba, mjini Migori. Tulikuwa watatu: mimi, kaka yake mkubwa na shangazi aliyemlea, ambaye sote tunamwita Waya. Tulikuja kuchukua vitu viwili tu. Cha kwanza kitambulisho, kwa sababu anayekwenda kusajili kifo ili apate kibali cha mazishi hudaiwa kitambulisho cha marehemu. Cha pili suti ya kijivu aliyoishonesha Krismasi iliyopita. Waya alikuwa amekwisha kuamua, tukiwa bado ndani ya matatu, kwamba kijana atazikwa na suti ile.

Ufunguo tulikuwa nao. Tulikabidhiwa wodini ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na mkanda na simu iliyoishiwa chaji. Mlangoni tukakuta kufuli mbili. Moja ndogo ya shaba, ya marehemu, imechakaa kwa kushikwa na mikono yenye grisi, maana alikuwa fundi wa pikipiki. Ya pili kubwa, nyeusi, bado ina kipande cha karatasi ya bei.

Mwenye nyumba tulimpata kwa simu. Alitupa pole, na nadhani pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema kijana ameacha deni la miezi miwili, shilingi 7,000, na kwamba yeye pia ana watoto shuleni. Waya akaketi juu ya jiwe la kufulia nguo. Wapangaji wengine walichungulia mapaziani, wakarudi ndani. Tulilipa kutoka kwenye mchango wa jeneza, kwa M-Pesa, na kufuli nyeusi ikafunguliwa na kijana aliyetumwa, ambaye hakututazama usoni. Kitambulisho kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa suti.

Ni baada ya mazishi kaka yake alipokumbuka dipoziti, shilingi 3,500 ambazo marehemu alilipa siku alipohamia. Siku ile hakuna aliyeitaja, si mwenye nyumba wala sisi. Redio yake ndogo ya sola hatukuiona tena. Nani aliichukua sijui, na sitamsingizia mtu. Chumba kililala usiku mzima chini ya kufuli ya mtu mwingine, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyoandikwa kilichokuwamo.

Tangu hapo nimekuwa na tabia ya kuwauliza watu wenye ploti wanavyofanya mpangaji akifa. Wengi hucheka kidogo kwanza, kicheko cha kukinga balaa. Halafu huanza kusimulia, na ukiwasikiliza utaona kwamba kufuli nyeusi haitoki kwenye roho mbaya peke yake. Vyumba vya kupangisha katika miji yetu, kuanzia Rongo na Awendo hadi Oyugis na Kendu Bay, vingi vimejengwa na walimu wastaafu, wajane, wauza samaki na vijana wanaofanya kazi Nairobi, mara nyingi kwa mkopo wa Sacco. Kodi ya vyumba sita ndiyo karo, na ndiyo dawa za presha. Mpangaji akifa na deni, jamaa huweza kufika na pikapu usiku wakapakia kila kitu mpaka balbu, na kesho yake simu zao hazishiki. Mama mmoja wa Rodi Kopany aliniambia amewahi kuachiwa chumba chenye rundo la nguo chafu na bili ya stima, mara mbili, na mara zote mbili alikuwa ametoa mchango wa mazishi. Kwake, kufuli ni ya kuzuia watu ambao Jumamosi ya mazishi ikipita hatawaona tena.

Namwelewa. Lakini bado nasema kufuli ile haina haki, na sababu yake inaanzia mbali kidogo na sheria.

Kwa Wajaluo, nyumba ya kupanga ni ot, na ot si dala. Dala ni boma, penye lango, penye ardhi ya ukoo na makaburi ya waliotangulia. Taifa zima lilifundishwa tofauti hii mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, katika shamba lao. Ukoo wa Umira Kager ukasema la: mtu wao aliweza kuwa na nyumba Nairobi apendavyo, lakini kwao ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano kesi ikipanda na kushuka. Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi, na tarehe 23 Mei 1987 akazikwa Nyalgunga.

Kila ninapoikumbuka kesi ile huwaza juu ya ile nyumba nyingine, iliyobaki mjini. Kama mpangaji kwao si hapa, basi akifa kila mtu atakimbilia kwao. Kamati ya mazishi inaundwa, hema inatafutwa, gari la kubebea mwili linalipiwa, ng'ombe anahesabiwa. Hakuna anayekumbuka chumba cha futi kumi kwa kumi kule Shauri Yako mjini Homa Bay, chenye sufuria bado ina ugali wa juzi. Anayekumbuka ni mmoja tu, mwenye nyumba. Hivyo yeye, asiye ndugu wala rafiki, anajikuta ndiye mlinzi wa nusu ya maisha ya marehemu iliyobaki mjini. Hakuiomba kazi hiyo. Lakini ndiyo kazi aliyonayo kwa siku zile chache, na kazi ya mlinzi haichanganyiki vizuri na ya mdai.

Sheria ya Kenya inasema jambo hilo hilo kwa lugha kavu zaidi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamkataza mtu yeyote kushika, kuuza au kuingilia kwa namna yoyote mali ya marehemu bila idhini ya sheria au hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Juu ya hayo, atawajibika kwa msimamizi halali wa mirathi kwa thamani ya alichogusa. Kifungu hakisemi "isipokuwa mwenye nyumba". Wala hakisemi "isipokuwa shemeji", jambo nitakalolirudia.

Wenye nyumba wengi huamini kwamba deni linawapa haki ya kushika televisheni. Kuna sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, lakini hata mpangaji akiwa mzima wa afya, anayeruhusiwa kukamata ni dalali mwenye kibali. Mwenye nyumba na keateka wake hawana ruhusa hiyo. Mpangaji akifa, deni halifutiki. Linahamia kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi ana wajibu wa kulilipa, baada ya gharama za mazishi ya kiasi na kabla ya warithi kugawana chochote. Mdai naye, jamaa wakizembea, anaweza kuomba mahakama impe usimamizi, ingawa kifungu cha 66 kinamweka mwisho wa foleni, nyuma ya mjane, warithi wengine na Mdhamini wa Umma.

Kuna jingine linalowashangaza wenye nyumba. Mkataba wa mwezi kwa mwezi haufi na mpangaji. Unabaki mikononi mwa anayesimamia mali yake hadi uvunjwe kwa notisi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, yaani mwezi kwa anayelipa kila mwezi. Na kwa vyumba ambavyo kodi yake haizidi shilingi 2,500 (katika kaunti za Migori na Homa Bay bado vipo vingi), kuna sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inayotaka mpangaji asitolewe bila amri ya baraza lake maalumu. Kiwango hicho cha 2,500 ni cha zamani mno, na kule Nairobi hakimlindi karibu mtu yeyote. Huku kwetu bado kina meno kidogo.

Najua msomaji mwenye ploti anachofikiria sasa: nani atakwenda mahakamani kwa sababu ya godoro na mtungi wa gesi wa kilo sita? Ni kweli. Mahakama zipo karibu, Rongo, Oyugis, Mbita, Ndhiwa na Kehancha, na mahakimu wana mamlaka ya kusikiza mirathi midogo. Hata hivyo sijamwona anayefungua jalada kwa ajili ya sufuria nne. Sheria yenyewe iliona hilo, ndiyo maana ikaandika kifungu cha 46, ambacho hakisomwi sana na kinastahili kubandikwa katika kila ofisi ya chifu. Kinasema kwamba kifo kikiripotiwa kwa naibu wa chifu au chifu wa mahali marehemu alipokuwa akiishi, basi afisa huyo, akiombwa na mtu mwenye haki katika mali hiyo, au mwezi mmoja ukipita bila mtu kuomba usimamizi, aende mpaka makazi ya marehemu, alinde mali iliyopo, atafute iliyoko kwingine, na awatambue wenye haki nayo. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba hana haja ya kununua kufuli nyeusi. Ana haja ya kwenda kwa naibu wa chifu.

Niliona jinsi inavyokwenda ikifanywa vizuri. Ilikuwa Mbita, kwenye ploti ya vyumba vinane si mbali na gati ya feri. Mpangaji, mvuvi wa makamo anayeishi peke yake, alikuwa amezama ziwani. Mwenye ploti ni mama mnene, mpole, anayeuza omena sokoni. Habari ilipomfikia hakugusa mlango. Alimpigia naibu wa chifu, akamwita mzee wa Nyumba Kumi na mpangaji wa chumba cha pili, kisha akamtuma mtoto dukani kununua daftari la kurasa thelathini na mbili. Jamaa wa marehemu walipofika kutoka Gwassi jioni, mlango ulifunguliwa mbele ya wote. Mama yule alisimama nje kabisa, mikono kifuani. Aliyeingia ni mdogo wa marehemu, na aliyeandika ni mpangaji wa jirani, kijana wa chuo.

Ukurasa ule niliusoma baadaye, kwa kuwa mama aliuhifadhi pamoja na risiti zake. Godoro moja. Jiko la gesi dogo moja. Ndala pea mbili. Taa ya sola, haina waya. Koti la mvua. Nyavu, fungu moja, na mbele yake kijana alikuwa ameandika "za mwajiri?" na alama ile ya kuuliza. Fedha taslimu shilingi 1,840 ndani ya kopo la kahawa. Kitambulisho. Picha ya msichana wa shule. Chini kabisa sahihi nne, na alama ya dole gumba ya mzee. Waliondoka na kitambulisho, nguo za kumvika marehemu na zile shilingi 1,840. Vingine vilibaki, na ufunguo ukakaa kwa naibu wa chifu hadi wiki ya pili baada ya mazishi.

Ninachokipenda katika ukurasa ule ni hiyo alama ya kuuliza. Kama mtu angezichukua zile nyavu kwa deni la kodi, angekuwa ameiba mali ya mtu wa tatu bila kujua. Katika vyumba vya kupanga vitu vingi si vya aliyemo: pikipiki ya mkopo, simu ya kazini, gunia la omena la chama, sare za shule za mtoto wa dada.

Na simu. Nawaomba wenye nyumba waiache simu ya marehemu ilipo. Kuna watu wanaojua namba ya siri ya jirani yao, na salio la M-Pesa la marehemu ni mali ya mirathi sawasawa na ng'ombe wake.

Nimeanza na vifo vya hospitalini na ziwani kwa kuwa ndivyo nilivyovishuhudia. Kuna kile kinachotisha zaidi, mpangaji kukutwa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani. Hapo mwenye nyumba hana hiari. Asivunje mlango, na ukiwa umevunjwa tayari kwa matumaini ya kuokoa mtu, basi ikionekana amekwisha kufa asisogeze mwili, asifute sakafu, asikusanye chupa wala vidonge. Aite polisi, na ahakikishe tukio limeandikwa katika kitabu cha matukio kituoni, apewe nambari ya OB. Polisi ndio huchunguza kifo cha ghafla na ndio huupeleka mwili mochari. Kwa mwenye nyumba nambari ile ni kinga. Miezi sita baadaye ukoo ukianza kuuliza kijana wetu alikufaje kwako, ataitoa.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, inakuja pale mpangaji aliyekufa ameacha mke chumbani.

Hapo mwenye nyumba hujikuta kati ya makundi mawili. Mashemeji wanafika wakisema vitu ni vya ndugu yao na wanavipeleka nyumbani. Mjane amekaa kitandani na watoto, kitanda alichokinunua yeye kwa faida ya kuuza mitumba. Mara nyingine kuna mke mwingine nyumbani, ambaye ndiye wa kwanza kwa mila, mikai, na hajawahi kukanyaga chumba hiki. Kila upande unamtazama mwenye nyumba kama mtu wa kufungua au kufunga mlango. Mmoja, mwalimu mstaafu wa Awendo, aliniambia alivyojibu: "Jaduong', mimi sijui ndoa ya mtu. Ninajua aliyelala humu jana." Akakataa pikapu iingie uani mpaka naibu wa chifu afike.

Alikuwa sawa, hata kisheria. Kile kifungu cha 45 kinamhusu shemeji kama kinavyomhusu mwenye nyumba, na kifungu cha 66 kinamtaja mwenzi aliyebaki kuwa wa kwanza kufikiriwa katika usimamizi wa mali. Mjane anayetaka kuendelea kukaa aachwe akae. Risiti ya mwezi unaofuata iandikwe jina lake, na asidaiwe dipoziti ya pili eti kwa kuwa mkataba ulikuwa wa mume. Nimesikia habari za wajane waliorudi kutoka mazishini wakakuta chumba kimepakwa rangi na kina mtu mwingine. Wengine walichelewa kurudi kwa sababu mila haimruhusu mjane kuingia nyumba za watu kabla ya taratibu fulani kumalizika, na wiki zikapita. Mwenye nyumba wa Migori anayajua mambo hayo tangu utoto wake. Hawezi kusema alidhani mama yule ametoroka.

Kuna wale wasio na mtu wa kufika na pikapu. Nenda kisiwa cha Remba, ambako vibanda vya mabati vimebanana hata upepo hauna njia, au nenda Macalder na machimbo mengine ya dhahabu ya Nyatike. Wapangaji huko hutoka Uganda, Tanzania, Kisii, Turkana, popote. Hulipa kwa wiki, na hujulikana kwa jina la utani tu. Akifa, mwenye kibanda anamjua kama "Chuma" au "Mzee wa Busia". Kitambulisho hakionekani. Mwili unapelekwa mochari bila jina, na mkoba wake wa nguo unabaki msumarini mpaka mpangaji mwingine aanze kuuvaa, shati moja moja. Hapa sheria inakuja kuchelewa kila mara. Angalau mwenye kibanda aupeleke mkoba kwa naibu wa chifu na aonyeshe polisi chochote chenye maandishi, hata kadi ya kliniki au karatasi ya nauli ya feri, kwa kuwa karatasi ya namna hiyo inaweza kuwa kitu pekee kitakachomrudisha mtu kwa mama yake.

Sasa chumba chenyewe. Wenye nyumba wanaogopa, na hawaogopi deni tu. Chumba alichofia mtu hukaa kitupu. Watoto wa ploti hawapiti mbele yake jioni. Watu hunong'ona habari za jachien, mzuka wa marehemu, na mpangaji mpya akisikia huomba kupunguziwa. Nilikua Homa Bay miaka ile ya tisini UKIMWI ulipokuwa ukibomoa nyumba kwa nyumba, na nakumbuka godoro likichomwa nyuma ya ploti ya jirani yetu, moshi mweusi, mjane akitazama. Halikuwa na kosa lolote godoro lile. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa na Madaktari Wasio na Mipaka katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, na hofu ikapungua, lakini desturi ya kuchoma vitu vya marehemu ili chumba "kisafike" haijaisha kabisa. Mwenye nyumba anayechoma godoro anachoma mali ya mirathi. Sabuni, dawa ya kuua vijidudu na madirisha wazi siku mbili vinatosha kwa vifo vingi, na pale penye ugonjwa wa kuambukiza, afisa wa afya ya umma wa kaunti ndiye wa kuulizwa.

Wajapani, ambao wazee wao wengi hufia vyumbani peke yao na hata wana neno la kifo hicho, kodokushi, wamelifanya jambo hili la kiserikali. Mwezi Oktoba 2021 wizara yao inayohusika na ardhi ilitoa mwongozo: mtu akifa kifo cha kawaida chumbani, mwenye nyumba halazimiki kumwambia mpangaji ajaye, ikiwa ni kujiua au kuuawa, amwambie kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kampuni za bima huko huwauzia wenye nyumba bima ya kusafisha chumba na kufidia kodi iliyopotea. Kwetu bima hiyo ni ndoto. Mwongozo wa aina ile, lakini, hauna gharama yoyote, na ungewaondolea wenye nyumba uongo wanaolazimika kuusema kwa kila anayeuliza kwa nini chumba namba tano ni cha bei nafuu.

Turudi kwenye hesabu, kwa kuwa ndiko ugomvi unakoanzia. Binamu yangu alidaiwa 7,000 na alikuwa na dipoziti ya 3,500. Deni halisi lilikuwa 3,500, hata kabla ya mtu kutaja huruma. Hivyo ndivyo mwenye nyumba anapaswa kuandika: kodi iliyolimbikizwa hadi siku ya kifo, ongeza siku ambazo chumba kimeshikiliwa na vitu vya marehemu, toa dipoziti, toa chochote kilicholipwa mapema, kisha akabidhi karatasi hiyo kwa jamaa baada ya mazishi. Baada ya mazishi, nasisitiza. Kabla ya hapo fedha zote za familia ni za mochari na jeneza, na anayezidai wakati ule anajua vizuri kwamba watalipa kwa aibu. Wenye nyumba wawili niliozungumza nao husamehe mwezi wa kifo. Sheria haiwalazimishi, na sitaki kuwatia wengine hatiani kwa ukarimu wa wachache.

Serikali, kwa upande wake, imejitahidi sana kuwafahamu wenye nyumba. Tangu Januari 2024 anayepata kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hukatwa asilimia 7.5 kila mwezi, na Mamlaka ya Ushuru inataka kujua kila chumba kilipo. Hakuna fomu yoyote ya serikali inayomtaka mwenye nyumba ajue ndugu wa mpangaji wake ni nani.

Na hilo ndilo ombi langu kwa mwenye ploti anayesoma haya. Siku ile Oruba, yule kijana aliyetumwa alikuja na kitabu cha risiti cha mwenye nyumba, nikakitazama begani kwake. Kwenye kila karatasi: jina moja, nambari ya chumba, kiasi, tarehe. Binamu yangu alikaa humo miaka mitatu, na katika risiti thelathini na kitu hakuna palipoandikwa nambari ya kaka yake, anayeuza vipuri vya pikipiki umbali wa dakika kumi kwa miguu. Mwenye nyumba alisikia habari ya kifo kwa wapangaji, hakuwa na mtu wa kumpigia, akaenda dukani kununua kufuli. Kwa hiyo ukikusanya kodi mwezi huu, muulize kila mtu swali moja, nikikukosa nimpigie nani, na uandike jibu nyuma ya risiti mbele yake. Andika majina mawili, maana simu zetu huzimwa.

Chumba cha Oruba kilipata mpangaji mpya kabla hatujamaliza matanga. Sijui kama ameulizwa.